Milima iliyoishona Afrika haimo vitabuni

Barabara zinazopita chini ya Uluguru, mkoani Morogoro, hazikosi akina mama wa kokoto. Wanakaa chini ya turubai au khanga iliyotundikwa kwenye miti, mguu mmoja umenyooshwa mbele, nyundo mkononi, lundo la mawe kushoto na lundo la kokoto kulia. Nilimwomba mmoja wao aniruhusu nichague mawe mawili matatu kwenye lundo lake. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza nayatakia nini, nikamwonyesha vitone vyekundu vilivyojaa ndani ya jiwe. "Hayo yenye wekundu yaache, mwanangu," akasema. "Yanamaliza nyundo."

Nililipa, nikaondoka na jiwe la ukubwa wa ngumi. Ninalo hapa mezani ninapoandika. Lina mistari myeupe na myeusi iliyolaliana kama ukili wa mkeka, na ndani ya mistari hiyo zimekaa punje za wekundu uliokolea, nyingine ndogo kama mtama, nyingine kubwa kama mbegu ya komamanga. Ni ganeti. Ukililowesha jiwe maji, punje zinawaka. Ugumu aliousema mama yule ni wa kweli, maana ganeti inakwaruza kioo. Lakini wanaosoma miamba wanaona na jambo jingine: ganeti ikikaa pamoja na madini ya aina ile katika jiwe moja, jiwe hilo lilipikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, chini ya mgandamizo unaopatikana kilomita 30 hadi 40 chini ya ardhi. Mgodi wenye kina kirefu kuliko yote duniani, ulioko Afrika Kusini, haujafika hata kilomita tano. Jiwe hili limetoka mara saba au nane ya kina hicho, kisha likaja kulala kando ya barabara.

Nini kilililaza huko chini, na nini kililirudisha juu? Jibu ni milima, na ni milima ambayo shule zetu hazikututajia.

Sekondari tulikariri orodha. Milima ya mkunjo, ile inayotokea mabara yanapogongana na ganda la dunia likakunjamana, ni Himalaya, Alps, Andes na Rockies. Kwa Afrika tukaandika Atlas kule kaskazini na ile ya Rasi kule kusini kabisa. Usambara, Pare na Uluguru zikaingia kwenye safu nyingine ya daftari: milima iliyoinuka ardhi ilipopasuka, kipande kimoja kikapanda na kingine kikashuka. Mtihani ukauliza hivyo, tukajibu hivyo, tukapata alama zetu. Wala halikuwa kosa. Urefu tunaouona leo Uluguru, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kweli ni kazi ya mipasuko iliyokuja baadaye sana. Lakini kuishia hapo ni sawa na kueleza kanzu kwa kuhesabu vifungo vyake. Mwamba wenyewe uliopanda ni kina cha ndani kabisa cha safu ya milima ambayo wanasayansi wengi wanailinganisha na Himalaya. Mtoto wa Lushoto anamaliza kidato cha nne akiamini kwamba kugongana kwa mabara ni habari ya watu wengine, na kumbe nyumba yao imejengwa juu ya eneo la tukio.

Afrika haikuwa kipande kimoja tangu mwanzo. Ilishonwa. Nguo ya kale kabisa kwa upande wetu ni ile ambayo wanajiolojia wanaiita kratoni ya Tanzania, yaani kiini cha bara cha kale na kigumu: Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga, Mwanza, hadi chini ya Ziwa Victoria. Miamba yake mingi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana ziwani, ambayo kila mgeni anapiga nayo picha, ni ya nguo hiyo, na dhahabu ya Geita iko ndani yake. Pembezoni mwa nguo hiyo viraka viliongezwa kimoja kimoja. Kusini mashariki ni ukanda wa Usagara na kusini magharibi ni wa Ubende, vyote vya miaka kama bilioni 2. Huko Isimani, mkoani Iringa, kuna mwamba unaoitwa eklojaiti, unaotokea sakafu ya bahari inapozamishwa chini ya bamba jingine, yaani kipande kingine kikubwa cha ganda la dunia. Wa Isimani una umri wa takriban miaka bilioni 2, na ni kati ya mashahidi wa zamani zaidi duniani kwamba mabamba ya dunia yalikuwa yanazamishana tangu wakati huo. Magharibi ni ukanda wa Karagwe na Ankole, unaoendelea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, wenye bati na koltani. Kila kiraka kina habari zake, ila mshono mkubwa kuliko yote uko mashariki.

Jina la mshono huo lilitolewa na Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, alikuja Msumbiji kutafuta madini. Madini hakuyapata, malaria aliipata. Kitu alichorudi nacho ni hamu ya kujua umri wa mawe aliyoyakanyaga. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupima umri wa miamba kwa kuangalia urani inavyogeuka kuwa risasi, kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilika. Miaka 40 baadaye, mwaka 1951, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba miamba ya kale ya Afrika imepangwa katika kanda za umri tofauti, ukanda mmoja ukiukata mwingine. Ule wa mashariki akauita Ukanda wa Msumbiji. Nadhani hapo ndipo wazo la bara lililojengwa kwa awamu lilipopata miguu kwa upande wetu, kwa sababu kabla ya hapo miamba yote hiyo iliwekwa kapu moja la "miamba ya zamani sana".

Mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, mjiolojia W. Q. Kennedy wa Chuo Kikuu cha Leeds alitazama umri wa miamba ya bara zima akaona kitu cha ajabu: karibu kila mahali kati ya kratoni na kratoni kuna miamba iliyopashwa joto kali takriban miaka milioni 500 iliyopita, kupungua au kuzidi kidogo. Tukio hilo akaliita la Kiafrika-Chote, yaani Pan-African kwa Kiingereza, kwa neno lilelile la siasa za umoja wa bara lililokuwa midomoni mwa watu wakati huo. Jina limebaki hadi leo. Jinsi lilivyotokea ndiko kulikobishaniwa. Wengi walidhani ganda la kale lilipashwa tu moto palepale lilipo, bila bahari kufungwa wala bara kusafiri.

Wazo hilo halikudumu. Nadharia ya mabamba iliposhika, watu walirudi uwandani wakiwa na macho mapya, na wakaanza kuiona sakafu ya bahari juu ya nchi kavu. Misri, Sudan, Ethiopia, na kwetu hapa Sekerr, Pokot Magharibi nchini Kenya, kuna vipande vya miamba ya chini ya bahari vilivyobanwa na kusukumwa juu. Pokot iko mamia ya kilomita kutoka pwani. Bahari iliyoacha vipande hivyo imepewa jina la Bahari ya Msumbiji, nayo haihusiani na mlango wa bahari wa leo kati ya Msumbiji na Madagascar. Ilikuwa pana, ikawa nyembamba, ikafungwa. Mwaka 1994 mjiolojia wa Kimarekani Robert Stern aliunganisha ushahidi wa kaskazini na kusini akaeleza habari nzima kuwa ni moja: kuanzia Uarabuni, kupitia Eritrea, Ethiopia, Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagascar, hadi Antaktika, kuna kovu moja la mgongano.

Kaskazini mgongano ulikuwa wa visiwa. Matao ya volkeno yaliyokuwa katikati ya bahari, kama yalivyo ya Indonesia leo, yalisukumwa yakabandikana moja baada ya jingine hadi yakawa ardhi. Sehemu kubwa ya magharibi ya Saudi Arabia, na milima ya Misri na Sudan inayoitazama kutoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, ilitengenezwa hivyo. Kusini, yaani kwetu, mambo yalikuwa mazito zaidi: ganda nene la bara liligongana na ganda nene la bara. Kati yao kulibanwa kibara kidogo ambacho wanajiolojia wamekiita Azania, jina ambalo wasafiri wa Kigiriki waliipa pwani yetu katika karne ya kwanza. Madagascar ya kati ni sehemu yake. Miamba ya Pare, Usambara na Uluguru ilifika kilele cha joto na mgandamizo takriban miaka milioni 640 iliyopita. Mgandamizo mwingine ukafuata kati ya miaka milioni 570 na 500 iliyopita. Wataalamu bado wanabishana kama ni mgongano mmoja uliovuta muda au miwili tofauti. Mimi naona ushahidi wa miwili una nguvu zaidi, kwa sababu umri wa kilele unabadilika sana ukitoka Tanzania kwenda Madagascar na kusini mwa India.

Mgongano ulipokwisha, nchi kavu ya nusu ya kusini ilikuwa kitu kimoja: Afrika, Amerika Kusini, Uarabuni, Madagascar, India, Sri Lanka, Antaktika na Australia. Tunaiita Gondwana, kwa jina lililotoka kwa watu wa Gond wa India ya kati.

Turudi kwenye jiwe langu, kwa sababu lina hesabu moja ninayotamani kila mwanafunzi aifanye. Jiwe lilipikwa kwenye kina cha kilomita 30 hadi 40. Leo liko juu. Maana yake, kilomita 30 na zaidi za mwamba zilizokuwa juu yake zimeondoka. Sasa uliza: chini ya Morogoro leo ganda la dunia lina unene gani? Mawimbi ya matetemeko yanajibu: karibu kilomita 37 hadi 40. Jumlisha. Wakati wa mgongano ganda hapa lilikuwa na unene wa kilomita 70 au zaidi. Mahali pekee pakubwa duniani leo penye unene wa namna hiyo ni nyanda za Tibet na Himalaya, na chini ya Andes za kati. Ganda nene kiasi hicho halikai chini, linaelea juu kama jahazi tupu. Kwa hiyo milima ilikuwepo, tena mirefu. Hatuhitaji picha yake.

Milima hiyo ilikwenda wapi? Mvua, mito na barafu viliila kwa mamilioni ya miaka. Hapakuwa na msitu wa kuishika ardhi, maana mimea ya nchi kavu ilikuwa bado. Mchanga wake ulisambazwa mbali mno. Majabali ya Petra, kule Jordan, yale mekundu na ya waridi yaliyochongwa mahekalu, ni mchanga uliotua enzi milima hiyo ilipokuwa inaporomoka, na ndani ya mchanga wa aina hiyo, Uarabuni na Afrika Kaskazini, kuna chembe nyingi za zikoni, madini magumu ambayo umri wake unapimika, zenye umri wa mgongano wetu.

Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Rick Squire walipendekeza kwamba safu hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 8,000 na upana wa zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba udongo uliomomonyoka kutoka kwake ulirutubisha bahari kwa fosfeti, chuma na kalisi, ndipo viumbe wenye miili mikubwa na magamba wakapata cha kujengea, miaka kama milioni 540 iliyopita. Wazo hili linavutia, nami ninalipenda. Hata hivyo kupenda wazo na kulithibitisha ni mambo mawili. Milima na wanyama kuonekana zama zinazokaribiana hakutoshi kusema mmoja amemzaa mwingine, na oksijeni ya wakati ule ilipanda na kushuka kwa sababu zaidi ya moja. Mtu akisema wanyama wote duniani wana deni kwa Uluguru, nitamsikiliza kwa furaha, ila nitamdai ushahidi zaidi.

Pasipohitaji kubahatisha ni Mirerani. Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, wilayani Simanjiro, inachimbwa eneo hilo tu duniani, na mara nyingi husemwa kwamba ni bahati au neema. Neema sibishi nayo. Bahati ndiyo ninayoikataa, kwa sababu kila hatua ya kutengenezwa kwake inasomeka kwenye mwamba. Kwanza kulikuwa na bahari ya pwani yenye matope meusi chini yake, yaliyojaa mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na pembeni yake chokaa. Matope ya namna hiyo hujikusanyia madini ya vanadi. Bahari ikafungwa, matope yakazamishwa, yakakandwa na kuokwa. Kaboni ya wale vijidudu ikawa kinywe, yaani grafaiti, chokaa ikawa marumaru. Kisha, takriban miaka milioni 585 iliyopita, milima ikiwa tayari inapoa na kuinuka, majimaji ya moto yakapenya kwenye nyufa, yakabeba kalisi ya marumaru na vanadi ya matope, na katika mifuko midogo ya mwamba madini ya zoisaiti, ambayo tanzanaiti ni aina yake, yakaota. Vanadi ndiyo inayoipa tanzanaiti rangi yake ya bluu. Ile ganeti ya kijani inayoitwa tsavoraiti, ya Taita Taveta na Simanjiro, imetokana na viungo hivyohivyo, na Madagascar nayo inayo. Rubi na spineli za Mahenge zimo kwenye marumaru ya mgongano huohuo. Ratnapura ya Sri Lanka, mji ambao jina lake ni mji wa vito, uko kwenye mshono huohuo, uliokatika Gondwana ilipovunjika. Kinywe cha Mahenge na Lindi, na kile cha Balama kaskazini mwa Msumbiji, ambacho leo dunia inakitafuta kwa ajili ya betri za magari, ni mabaki ya uhai wa bahari ile.

Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mirerani, wanajua kufuata mwamba mweusi wa kinywe wakiwa chini, kwenye joto na hewa nzito, kwa sababu wamejifunza kwa mikono kwamba jiwe la bluu hujificha jirani yake. Hawajaambiwa kwa nini. Mwaka 2018 ukuta wa zaidi ya kilomita 24 ulizinduliwa kuzunguka machimbo yale ili jiwe lisitoroshwe, na ninaona ulikuwa na haja yake. Maarifa ya jiwe lenyewe, kwa Kiswahili, hayajapata hata sehemu ndogo ya jitihada ile. Na maneno tunayo. Kinywe ni neno letu, marumaru ni letu, yakuti, urani, risasi, chokaa. Anayesema jiolojia haiwezi kufundishwa kwa lugha hii hajakaa na wachimbaji.

Mshono ule bado unafanya kazi. Tazama ramani ya Bonde la Ufa. Likishuka kutoka Ethiopia kuelekea kusini, linagawanyika. Tawi moja linapita mashariki, Turkana hadi Natron na Manyara. Jingine linapita magharibi, kwenye maziwa ya Albert, Kivu na Tanganyika. Katikati limebaki Ziwa Victoria, halina ufa. Chini yake iko ile kratoni ya kale, yenye mizizi minene na baridi, na ufa umeshindwa kuikata, ukaizunguka kwa kufuata kanda dhaifu zilizoshonwa pembeni. Tawi la mashariki linapita katika miamba ya Ukanda wa Msumbiji, la magharibi linafuata Karagwe na Ubende. Fundi cherehani yeyote atakwambia nguo ya zamani inapoanzia kuachia. Mpasuko huu unafunguka kwa milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua, lakini njia yake ilichorwa na migongano ya mamia ya mamilioni ya miaka kabla yake. Hata Kilimanjaro, tunayoitangulizia mbele kila tunapozungumza milima, ni volkeno changa ya ufa huo, haijafikisha miaka milioni 3. Pare, inayoonekana kibandiko tu pembeni yake, ina miamba ya umri wa zaidi ya mara 200 ya huo.

Ninachotaka kwa waandaaji wa mitaala si kitu kikubwa. Waiache orodha ya Himalaya na Alps, ni orodha nzuri. Pale kitabu kinapotaja Usambara, Pare, Taita na Uluguru kuwa milima iliyoinuliwa na mipasuko, kiongeze ukurasa mmoja: miamba yake ilikuwa chini kabisa ya milima ya mkunjo iliyounganisha Afrika ya mashariki na India, Madagascar na Antaktika, na hesabu ya kilomita 70 iwekwe hapo, mwanafunzi aifanye mwenyewe. Mwalimu wa Same au wa Voi hahitaji maabara kwa somo hilo. Awatoe watoto darasani baada ya mvua, awapeleke kwenye korongo la karibu na nyundo moja, wavunje jiwe lenye mistari, walimwagie maji, walisogeze juani. Mawe hayatoi ganeti yote, lakini hawatamaliza saa kabla mmoja wao hajapiga kelele kwamba ameona punje nyekundu.